Faneli ya Mzee Salim

Namshukuru Mungu aliyeniamsha leo nikiwa na akili timamu na mkono wa kushika kalamu. Yeye ndiye aliyetenga nuru na giza, akaupa mchana kazi na jioni pumziko, na ndiye anayemngoja mwenye kosa miaka mingi bila kuchoka. Sina cha kujivunia mbele zake. Kama nimeishi mpaka nikaweza kulisema jambo hili, ni kwa rehema yake, na sifa zote zimrudie.

Ninawaandikia hasa ninyi wa rika langu, mliosoma kwa koroboi na kuamka asubuhi pua zikiwa nyeusi kwa masizi. Mnaijua harufu ninayoisema. Juzi ilinikuta mahali ambapo sikuitarajia.

Ilikuwa baada ya kumzika Baba. Mimi na dada yangu Risper tulibaki nyumbani, nje kidogo ya Rongo, kupanga vitu vyake. Risper alikuwa chumba cha pili akihesabu vyombo kwa sauti, mimi nikifungua sanduku la mbao alilokuwa akiliweka chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na tai zake mbili za kwenda kanisani, bahasha za sadaka, miwani iliyokatika mkono, na chini kabisa kitu kidogo kilichofungwa kwa kitambaa cheupe, kama kile cha kufunikia meza ya Bwana. Nilipokifungua, harufu ya mafuta ya taa ikanipanda puani, hafifu sana. Ilikuwa faneli ya bati, ndogo, ya kutosha kiganjani. Upande mmoja ulikuwa mweusi, na pale fundi alipolehemu palikuwa pameyeyuka na kuachana. Kwenye ukingo kulikuwa na vitundu vidogo vya msumari vilivyopangwa kufanya herufi S.

Nilikaa chini sakafuni.

"Dorka," Risper aliita, "vikombe ni tisa au kumi? Au umelala na hilo sanduku?"

"Ni kumi," nikasema, ingawa sikujua. Nikaitia faneli kwenye mkoba wangu haraka, kama mwizi, nikafunga zipu.

Nitaeleza ilivyokuwa.

Baba alikuwa mzee wa kanisa letu dogo, na nyumba yetu ilikuwa nyumba ya Sabato kwelikweli. Watu wengine waliijua Ijumaa kama siku ya mwisho ya shule. Kwetu ilikuwa siku ya maandalio. Kuni zilipasuliwa, maji yakajazwa mitungini, viatu vikapakwa rangi na kupangwa mlangoni, chakula cha kesho kikapikwa. Jua likifika juu ya mikaratusi ya jirani, Baba aligonga kipande cha chuma kilichoning'inia kwenye mpera, nasi tukaacha chochote tulichokuwa tukikifanya. Baada ya hapo hakuna aliyenunua, hakuna aliyepika, na hakuna aliyewasha moto mpya. Moto uliokuwapo uliruhusiwa kuendelea mpaka ujifie wenyewe. Baba alilisoma agizo hilo mara nyingi, na mimi nilikuwa mtoto wa kushika maneno kama yalivyo. Kiberiti baada ya jua kutua, kwangu, kilikuwa sawa na kuiba.

Kazi yangu katika maandalio ilikuwa taa. Tulikuwa na taa moja ya chemni ya sebuleni, na koroboi mbili, ya chumbani na ya jikoni. Nilizipangusa, nikakata tambi, nikazijaza mafuta. Mafuta yenyewe niliyafuata kwa Mzee Salim pale senta.

Mzee Salim alikuja kutoka pwani zamani, kabla sijazaliwa, akaoa, akafungua duka la mafuta ya taa, sabuni na sukari. Dholuo, lugha yetu, aliizungumza kwa lafudhi iliyotuchekesha sisi watoto, naye alijua hivyo na kuikoleza makusudi. Ijumaa mchana alifunga duka kwenda kuswali, kisha akafungua mapema, kwa sababu, alivyosema, "watu wa Sabato wana haraka kuliko wanaokimbizwa na nyuki." Alikuwa mwembamba, mwenye kofia iliyofuliwa hadi rangi ikaisha, na mwenye masharti. Ukija na sigara dukani alikutoa nje, hata ungekuwa chifu. Petroli hakuiuza kabisa. Wenye pikipiki walipomwomba aweke japo mtungi mmoja wa kuwasaidia, alikataa akisema duka la mafuta ya taa lenye petroli ni kama nyumba ya kuku yenye kicheche.

Sisi watoto hakutupa mafuta mpaka tumjibu. Alinyanyua mkono wake wa kushoto, vidole vitano.

"Koroboi inaisha mafuta. Unafanya nini?"

"Zima!" tukasema, naye akakunja kidole gumba.

"Halafu?"

"Ngoja ipoe! Mwaga! Pangusa! Washa!"

"Kwa nini ngoja? Dorka, binti Jaduong', kwa nini ngoja?"

Jaduong', yaani mzee, ndivyo alivyomwita Baba kwa Dholuo. Nami nilijua. Alikuwa amenieleza zaidi ya mara kumi. Si mafuta yenyewe yanayowaka, alisema, ni mvuke wake. Mafuta baridi ni mavivu, yamelala, hata mvuke hayatoi wa maana. Bati la koroboi iliyowaka kwa muda ni la moto. Ukiyamwaga humo yanaamka, yanapanda hewani usiyaone, na hewa hiyo ndiyo moto unaitafuta. "Moto utaufuata mkondo wa mafuta mpaka kwenye chupa uliyoishika," alisema, "kama panya anavyopita juu ya kamba. Wewe utashtuka, utaitupa. Na unajua utaitupa wapi? Hujui. Hakuna anayejua."

Ijumaa ile nilipompelekea chupa yangu alinitazama gauni. Wiki iliyopita nilikuwa nimejimwagia mafuta njiani, na Mama alikuwa amelalamika. Akachukua faneli mpya kutoka kwenye msumari, moja kati ya zile alizotengenezewa na fundi wa mabati akaziwekea alama yake.

"Chukua."

"Nirudishe Jumapili?"

"Ukirudisha nitakuuzia. Ukikaa nayo ni zawadi. Haya, nenda, jua lenu hilo linawakimbia."

Lakini sikwenda. Nje ya duka binti yake Zuhura alikuwa akinisubiri, yeye na mtoto mwingine wa senta, na mpira wa karatasi za nailoni uliofungwa kwa kamba. Tulicheza kati, ule mchezo wa mmoja kusimama katikati na wengine wawili kumrushia mpira wakijaribu kumgonga. Zuhura alikuwa mwepesi kama utepe. Nilitaka nimgonge japo mara moja kabla sijaondoka, na kila nilipomkosa alinitolea ulimi. Nilipotazama juu, jua lilikuwa limeshika mikaratusi.

Nilifika nyumbani nikihema. Nilijaza chemni nikaiwasha, nikajaza koroboi ya chumbani nikaiwasha, ndipo chuma kikalia. Ya jikoni ilikuwa tayari imewashwa na Risper, kwa yale mafuta machache ya wiki iliyopita.

"Dorka, taa?" Mama akauliza akijifunga kitambaa.

"Ziko tayari."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Nilikuwa na miaka kama kumi.

Risper siku hiyo aliruhusiwa kukaa jikoni wakati wa ibada kwa sababu malaria ilikuwa imemshika. Alikuwa darasa la nane, mwaka wa mtihani, msichana wa kwanza nyumbani kwetu ambaye walimu walimfuata hadi kwa Baba kumwambia asimwozeshe. Alikuwa amejikunja kando ya makaa, amevaa sweta ya nailoni ya kijani, anatetemeka na kusinzia.

Tuliimba kuifungua Sabato. Kupitia mlango wa nyuma niliona mwanga wa jikoni ukipungua, ukawa mwekundu, ukaanza kurukaruka. Baba akapiga magoti kuomba. Baba alipoomba alifumba macho sana na hakuruka mtu. Alianza na walio safarini. Nilijua bado kulikuwa na wagonjwa, wajane, walimu, serikali, na wahubiri walio nchi za mbali. Nilikuwa na muda. Nikatoka kwa magoti, nikafika mlangoni, nikasimama.

Hapa ndipo ninapotaka mnielewe, si ili mnionee huruma, bali kwa sababu ni kweli. Nilipoishika ile chupa jikoni nilikumbuka vidole vya Mzee Salim. Nilikumbuka vyote vitano. Zima. Lakini nikizima, itanibidi niwashe, na jua lilikuwa limetua. Hata kuuchukua moto kwenye makaa ya Risper niliona ni kuwasha. Nilisimama pale nikipima, agizo la Mungu upande huu na maneno ya muuza mafuta upande ule, nikaona wazi kabisa lipi ni kubwa. Mzee Salim si mtu wa Sabato, nikajiambia, hajui kwamba leo haiwezekani kuzima. Tena nilidhani Mungu atanilinda, kwa kuwa ni kwa ajili yake ninafanya hivi. Nilikuwa nimesahau kwamba nilifika pale kwa sababu ya mpira na uongo.

Koroboi ilikuwa na tundu dogo pembeni la kujazia. Nikachomeka faneli, nikainamisha chupa.

Sikusikia mlio wa kulipuka. Ulikuwa mvumo mfupi tu, kama mtu anayepuliza uji. Mwali wa buluu ulitambaa kwenye faneli, ukapanda, ukanifikia vidole. Nikaitupa chupa. Alisema sitajua nitaitupa wapi, na kweli sikujua. Ilimwangukia Risper mgongoni na mkono wa kuume.

Yaliyofuata nitayasema kwa ufupi. Sweta ile haikuungua kama pamba, iliyeyuka. Risper alijaribu kuivuta kwa mkono, nayo ikamganda mkononi. Baba aliingia na blanketi, akamwangukia kwa mwili wake mzima, moto ukafa. Kukawa giza, makaa tu, na harufu ile. Mama alimmwagia maji ya mtungi, maji yote ya Sabato, akilia jina la Yesu.

Jirani yetu mmoja, mama mwenye sauti kubwa, alifika akiwa na tochi.

"Ni nini? Ni nini kimefanyika?"

Akanimulika mimi usoni.

"Wewe, si ulikuwa hapa?"

"Koroboi imelipuka," nikasema. "Yenyewe."

"Yenyewe!" Akapiga makofi. "Si nilisema? Ni hayo mafuta! Siku hizi wanachanganya na petroli. Kule barabarani nyumba nzima iliungua. Mmenunua kwa nani?"

Nikamtazama Baba. Alikuwa ameinama sakafuni, akipapasa gizani kwa mikono yake iliyoungua, nikadhani anatafuta kiatu cha Risper.

"Kwa Mzee Salim," nikasema.

Risper alipelekwa hospitali ya Homa Bay kwenye pikapu ya mwalimu, na Mama akakaa naye huko. Jumapili asubuhi Baba alikwenda senta. Hakwenda peke yake. Wanaume kadhaa na yule jirani mwenye tochi walimfuata, na mimi nikachukuliwa kama shahidi.

Mzee Salim alikuwa amekwisha kusikia. Alitoka nje, akamshika Baba mikono miwili iliyofungwa bandeji.

"Pole, Jaduong'. Pole sana. Mtoto anaendeleaje?"

"Mafuta yako yalikuwa na nini, Salim?" Baba akauliza. Hakupaza sauti.

"Mafuta tu. Ya taa."

"Sema kweli mbele ya watu!" mmoja akafoka kutoka nyuma. "Unatuuzia mabomu!"

Mzee Salim aliingia ndani, akatoka na kisahani. Akafungua mrija wa pipa mbele ya macho yetu, akakinga mafuta kidogo, akakiweka kisahani chini kwenye ubaridi wa ile asubuhi. Akawasha njiti ya kiberiti, watu wakarudi nyuma, akaitumbukiza. Njiti ikafanya *tss*, ikazimika, ikaelea. Akawasha nyingine. Ikazimika.

"Yangekuwa na petroli," akasema, "sasa hivi ndevu zangu zingekuwa zimekwisha. Hata njiti haingefika. Mvuke ungeirukia ikiwa hewani. Angalieni wenyewe."

Ilikuwa kweli, nami nilijua kwamba ni kweli kuliko wote waliosimama pale. Watu waliinama kukitazama kisahani. Kisha jirani yetu akacheka.

"Umebadilisha! Unadhani sisi ni watoto? Yale ya Ijumaa umekwisha kuyamwaga!"

Wakashangilia. Baba aliniangalia. Kama angeniuliza pale, pengine ningesema. Hakuniuliza. Aligeuka tukarudi nyumbani. Hakuniuliza siku hiyo wala nyingine yoyote mpaka alipokufa, na miaka yote hiyo nilidhani ni kwa sababu aliniamini.

Sabato iliyofuata, wakati wa matangazo, Baba alisimama mbele akasema ndugu wasinunue tena mafuta kwa Salim, kwa usalama wa nyumba zao. Alilitaja jina. Lilikuwa tangazo fupi. Kufikia katikati ya juma, hata wasiokuwa wa kanisa letu walikuwa wakienda Rongo mjini kununua mafuta. Watoto walipita mbele ya duka wakiimba, "Salim petroli! Salim petroli!" Nami nilikuwa katikati yao, nikifumbua mdomo bila kutoa sauti.

Zuhura alikuja uzioni kwetu mara moja na ule mpira. Niliingia ndani.

Kabla hawajahama, Mzee Salim alikwenda Homa Bay. Nilikuwa nimepelekwa kumwona Risper, nikamkuta mzee yule ameketi kwenye benchi nje ya wodi, mkate na kilo ya sukari magotini. Mama hakutaka kumpokea, wala hakuwa na nguvu za kumfukuza. Alipoinuka kuondoka alinikuta kwenye ngazi. Akachuchumaa, nyuso zetu zikawa sawa.

"Dorka. Ulizima?"

Alinyanyua kidole gumba, kama dukani. Hapakuwa na mtu mwingine. Hakuwa amekasirika. Nimelipima swali lile maisha yangu yote na sijaona ndani yake mtego wowote. Aliuliza tu kama mtu anayetaka kujua.

"Nilizima," nikasema.

"Ukangoja?"

"Nikangoja."

Kisha akakunja kile kidole.

"Basi," akasema. "Kama ulizima, basi ni mafuta yangu."

Akashuka ngazi akishikilia ukuta.

Waliondoka kwa lori la mahindi. Nilijificha nyuma ya ua wa michongoma. Zuhura alikuwa ameketi juu ya magunia, mgongo wake ukiangalia senta.

Risper alikaa hospitalini hadi mtihani ukapita. Vidole vyake vya mkono wa kuume vilishikana, vitatu vikawa kama kimoja. Alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, akarudia darasa, lakini moyo wa shule ulikuwa umemtoka. Aliolewa Lambwe, akalima, akazaa watoto wazuri. Kila nilipomtembelea nilikuta anapura mtama au anasuka mikeka kwa mkono ule, nikajipa kazi ya kuosha vyombo ili nisimwangalie. Watu wakasema, "Dorka anampenda dada yake." Nilikuwa mtu mzima, mama shemasi, nikifundisha watoto kutubu. Nilikuwa nimemwambia Mungu kosa langu mara nyingi sana, naye nilijua amesikia. Nilijifariji kwamba yatosha.

Sasa nilikuwa na faneli kwenye mkoba. Sijui Baba aliiokota lini. Huenda ni usiku uleule, alipokuwa akipapasa sakafuni, na huenda ni siku nyingi baadaye, tangazo likiwa limekwisha kutolewa. Ninachojua ni kwamba mtu aliyeiona faneli iliyoungua alijua kwamba mafuta yalikuwa yakimwagwa, na kwamba koroboi haikuzimwa. Aliifunga kwa kitambaa kisafi, akailalia maisha yake yote. Alinificha mimi, na kwa kunificha akamwacha mwenzake aangamie. Nilimlilia Baba upya, kilio kibaya kuliko cha mazishini.

Niliuliza, nikaambiwa binti wa Salim yuko Migori. Nilimpata mtaa wa nyuma ya soko, ana duka la mitungi ya gesi, na juu ya mlango kibao kikubwa kinachokataza sigara. Alikuwa mnene sasa, mwenye miwani, akimgombeza mteja aliyeleta mtungi kwa kuuvingirisha.

"Huo si mpira, baba! Ubebe!"

Nilipomtajia jina langu alinitumbulia macho, kisha akatoa ulimi. Ulimi uleule. Akacheka mpaka akashika meza.

"Dorka wa kati! Dorka asiyeweza kugonga hata ng'ombe! Keti. Weee, letea mgeni chai."

Nilikunywa nusu kikombe. Sikuweza zaidi. Nikaitoa faneli nikaiweka mezani, nikamwambia yote, mpaka ngazi za hospitali.

Alipitisha kidole kwenye vile vitundu vya S. Mteja aliingia, akamwashiria atoke.

"Unajua baba yangu alifanya nini tulipofika hapa?" akasema mwishowe. Sauti ilikuwa imebadilika. "Hakuuza mafuta tena. Aliuza nazi na viazi. Watu wakimwambia, 'Mzee, wewe fundi wa mafuta, uza mafuta,' anakataa. Mpaka anaugua, mpaka siku ya mwisho, anauliza, 'Lile pipa lilikuwa na nini? Waliniletea nini wale watu wa lori?' Tukimwambia, 'Baba, labda mtoto hakuzima,' anasema, 'Hapana. Alizima. Aliniambia mwenyewe.'"

Niliinamisha kichwa juu ya meza yake.

"Nisamehe, Zuhura."

"Ya kwangu nitaangalia. Ya mpira, ya kunikimbia uzioni, hiyo ni yangu. Ya baba siwezi kuitoa mimi." Alivua miwani akaipangusa kwa ncha ya leso. "Lakini alitangazwa, sivyo? Mbele ya watu, kwa jina. Basi palepale alipotangazwa, mtangaze tena. Kwa jina."

Alibaki na faneli. Sikumwomba anirudishie.

Nilimpigia mchungaji simu, nikampigia Risper nikamwomba aje Sabato ile bila kumwambia sababu. Wakati wa matangazo nilisimama pale Baba aliposimama. Wengi waliokuwapo walikuwa hawajazaliwa siku zile, na wengine hawakujua Salim ni nani. Jirani yetu mwenye sauti kubwa alikuwapo, sasa kikongwe, ameketi mbele na fimbo yake. Nilisema: Mafuta ya Mzee Salim yalikuwa safi. Aliyemwaga mafuta kwenye koroboi inayowaka ni mimi. Alinifundisha nizime, sikuzima, na aliponiuliza nilimdanganya. Nikawaambia watoto wa darasa langu wanyanyue mkono, nikawafundisha vidole vitano, na kwamba Mungu hajawahi kumkasirikia mtu kwa kuzima moto unaoweza kumuunguza mwenzake, siku yoyote ile.

Sikuthubutu kutazama benchi la pili alipokuwa Risper.

Hakunisemesha njiani. Nyumbani aliingia jikoni, akapakua. Aliwapakulia watoto, akawapakulia wageni, mimi mwishoni. Aliileta sahani kwa mkono ule, ameikandamizia kifuani kama anavyofanya siku zote, akaiweka mbele yangu, asiondoke.

"Ungeniambia," akasema. "Wa kwanza kabisa ungeniambia mimi. Mkono ni wangu."

Kisha akaketi karibu nami, tukala. Hakusema amenisamehe, nami sikumharakisha. Mungu aliyeningoja miaka yote hii atanipa na mimi subira ya kungoja. Ila Jumapili alipokuwa akirudi Lambwe, aliniuliza kama Zuhura yule bado anatoa ulimi.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Bwana akulinde, wewe na mikono ya watoto wako. Awaamshe kabla hawajamwaga, awape uvumilivu wa kungoja bati lipoe. Na kama kuna neno umelifunga kwa kitambaa na kulilalia, akujalie kulisema kwanza kwa yule ambaye jeraha ni lake, angali hai, na jua lingali juu. Amina.